Saa Tisa Iliyohamia Saa Sita



Majuma machache baada ya Pasaka alinijia kijana mmoja wa sekondari, anayetumika madhabahuni hapa mtaani kwetu, ameshika kamusi ya Kiingereza. Kuna jambo lilikuwa limemkera. Neno "noon", ambalo mwalimu wake amemfundisha kuwa ni saa sita mchana, kamusi inasema limetoka katika neno la Kilatini "nona", maana yake "ya tisa". "Padre," akasema, "hawa Waingereza hawajui kuhesabu? Saa sita yetu wao wanaiita kumi na mbili, tena jina lake ni tisa!" Nilicheka, nikamwambia nitamjibu. Sikujua kuwa jibu lenyewe lingenigeukia mimi.

Basi nianze na lililo rahisi. Kamusi haikukosea. Watu wa dola ya Kirumi, na Wayahudi pia, waligawa mchana sehemu kumi na mbili tangu jua kuchomoza mpaka kuchwa. Saa ya tatu ilikuwa katikati ya asubuhi, saa ya sita jua likiwa utosini, na saa ya tisa jua limefika nusu ya safari yake ya kushuka. Msomaji wa Mtua hana haja ya kuelezwa zaidi, maana ndivyo tunavyohesabu sisi mpaka leo. Mwingereza akisoma Mathayo sura ya 20, habari za mwenye shamba la mizabibu aliyetoka kutafuta vibarua alfajiri, kisha saa tatu, saa sita, saa tisa, na mwisho saa kumi na moja, hana budi kufanya hesabu kichwani ama kutafuta maelezo chini ya ukurasa. Mtoto wetu wa darasa la nne anaona mara moja kwamba kibarua wa saa kumi na moja ni yule aliyefika shambani wakati wenzake wanakung'uta majembe warudi nyumbani.

Hali kadhalika siku ya Pentekoste. Watu waliposema kwamba mitume wamelewa, Mtakatifu Petro aliwajibu kwamba haiwezekani, kwani ni saa tatu tu ya asubuhi. Mzungu hucheka akishaelezwa; sisi hucheka hapo hapo. Ingawa siku hizi, kwa jinsi vilabu vinavyofunguliwa mapema, sina hakika kama hoja ya Petro ingekubaliwa kila kijiji.

Wafasiri waliotuletea Injili kwa Kiswahili walikuta kazi nyepesi mahali hapo. Askofu Edward Steere, yule aliyewaleta Masasi watu waliokombolewa utumwani kutoka Unguja mwaka 1876, alikuwa bingwa wa lugha yetu, na yeye na waliomfuata walitoka jasho kwa maneno mengi. Lakini saa za Injili ziliingia katika Kiswahili kama mtu aingiavyo nyumbani kwao. Saa tisa ni saa tisa.

Saa hizo zilikuwa na kazi nyingine tena. Katika Matendo sura ya 3 Petro na Yohana wanapanda hekaluni saa tisa, iliyokuwa saa ya kusali. Katika sura ya 10 Kornelio yule akida anaonekana akiomba saa tisa, na kesho yake Petro anapanda darini kuomba saa sita. Hapo Luka anaongeza neno dogo ambalo mimi nimelisoma mara nyingi bila kulijali: Petro aliona njaa sana, akataka kula. Lishikeni neno hilo. Njaa na saa ya sala zimekaa nyumba moja tangu mwanzo.

Kanisa la kale lilipokea desturi hiyo, likawa na sala za saa tatu, saa sita na saa tisa. Ya saa tisa iliitwa kwa Kilatini Nona, na ilikuwa na uzito wake wa pekee kwa sababu ndiyo saa Bwana wetu alipokata roho msalabani. (Marko anasema alisulubiwa saa tatu, na Yohana anasema saa sita alikuwa bado mbele ya Pilato. Wataalamu wamelumbana juu ya jambo hili miaka mingi, nami sitalimaliza katika gazeti la mtaa. Lakini juu ya saa tisa Mathayo, Marko na Luka hawatofautiani.) Ndiyo maana Ijumaa Kuu tunakaa kanisani tangu saa sita hata saa tisa.

Sasa ilikuwaje saa hii kuu ikahama? Kwa jambo hili inafaa tuwatazame jirani zetu. Watu wa Kusini tunawafahamu watawa wa Mtakatifu Benedikto. Wako Ndanda tangu mwaka 1906, na si wachache kati yetu waliotibiwa katika hospitali yao. Kanuni wanayoifuata iliandikwa na Benedikto mwenyewe huko Italia katika karne ya sita, na ndani yake iko sura nzima, ya 41, inayopanga saa za kula. Tangu katikati ya Septemba mpaka mwanzo wa Kwaresima watawa watakula baada ya Nona. Katika Kwaresima watangoja mpaka sala ya jioni. Miezi ya joto, Jumatano na Ijumaa pia watangoja Nona, ila kama kazi ya shamba ni nzito au jua limezidi.

Fikirini maisha hayo. Mtu ameamka kungali giza kuimba Zaburi, amelima, amebeba mawe, amesoma, na tangu alfajiri hajatia kitu kinywani. Tena Ulaya mchana hauko sawa kama hapa kwetu. Uingereza, mwezi wa Desemba, jua hukaa angani saa nane tu hivi, na mwezi wa Juni hukaa zaidi ya saa kumi na sita. Wao waligawa mchana huo, mfupi au mrefu, sehemu kumi na mbili zile zile. Kwa hiyo katika siku ndefu saa ya tisa ilikuja baada ya kungoja kwingi sana.

Na hapa pana kitu cha kutazama vizuri. Kanuni haikufunga chakula kwa jua. Ilikifunga kwa sala. Ilisema usile kabla ya Nona. Haikupata nafasi ya kusema kwamba Nona isiimbwe mapema. Benedikto mwenyewe alifungua mlango kidogo: katika sura ya 48 aliagiza kwamba majira ya joto Nona isogezwe nyuma, iimbwe kabla saa ya nane haijaisha, ili watawa warudi kazini. Waliokuja nyuma yake wakausukuma mlango huo kwa bega. Leo robo saa, miaka hamsini baadaye robo nyingine. Hakuna aliyetoa amri ya kuihamisha Nona mpaka adhuhuri. Ilitambaa. Kabla ya mwaka 1066 Waingereza walipotaja neno hilo walikusudia saa tisa. Kufika miaka ya 1300 walikusudia jua la utosi. Kisha zikaja saa za magurudumu katika minara ya makanisa, kama ile ya Salisbury inayohesabiwa kuwa ya mwaka 1386, na neno likapigiliwa msumari pale lilipokutwa.

Hivi ndivyo wanavyoeleza wachunguzi wengi. Mwanahistoria Mfaransa, Jacques Le Goff, aliongeza kwamba tusiwatwike watawa mzigo wote, kwani vibarua wa mijini nao walipumzika kwa kengele ya Nona, na ilikuwa faida kwao kengele ikilia mapema. Mimi naona habari hizo mbili hazigombani. Njaa ya mtawa na uchovu wa kibarua vilivuta kamba upande mmoja.

Tukitaka kulisikia jambo hili kwa masikio yetu, tuseme hivi: ni kama neno "alasiri" lingehama pole pole hata likawa na maana ya adhuhuri, na watu wakasahau kwamba liliwahi kuwa kwingine. Kwetu halikuhama. Alfajiri, adhuhuri, alasiri na magharibi nayo ni majina yaliyoshikamana na saa za sala za jirani zetu Waislamu, na tunayatumia sisi sote, Mkristo na Mwislamu, tukipanga safari au arusi. Lakini anayeadhini huliangalia jua, na mfungaji wa Ramadhani huingoja magharibi itakapokuja yenyewe. Hawezi kuisogeza, hata akizimia.

Wahispania nao wana neno lao, "siesta", usingizi wa mchana baada ya kula. Limetoka katika "sexta", saa ya sita. Kwa hiyo yuko mmoja Ulaya anayeita saa sita saa tisa, na mwenzake aliyeifanya saa sita kuwa usingizi. Na msidhani sala ya jioni ilisalimika. Kwa kuwa chakula cha Kwaresima kilifungwa kwayo, Kanisa la Magharibi lilizoea kuiimba sala ya jioni kabla ya adhuhuri katika siku za Kwaresima, na desturi hiyo ilidumu hata karne ya ishirini. Watu walisimama mchana mweupe, wakamshukuru Mungu kwa jua linalotua, wakaenda kula.

Hili ndilo jibu la kijana wangu, na angeweza kwenda zake. Lakini hakuenda. Aliuliza swali la pili, na vijana ndivyo walivyo. "Sasa Padre, hao watawa walidanganya au hawakudanganya?"

Kwa siku kadhaa nilikuwa tayari kuwahukumu. Nilisema moyoni: mtu aliyeapa kufunga mpaka saa tisa, kisha akaiita saa sita kwa jina la saa tisa ili ale, amefanya nini ila kumdanganya Mungu kwa kengele? Afadhali angesema wazi, "Nimeshindwa, njaa imenizidi." Neno lililohama linatisha kwa sababu ukilitumia husikii tena kama umevunja ahadi. Mwenye kusema uongo anajua kweli iko wapi. Huyu hata hajui kwamba alikuwa nayo.

Upande wa pili, Bwana wetu alisema kwamba sabato ilifanyika kwa ajili ya mwanadamu. Alisema hivyo, kumbukeni, siku ambayo wanafunzi wake walivunja masuke kwa sababu ya njaa. Na Benedikto, ambaye hakuwa mtu laini, aliacha nafasi kwa ajili ya jua kali na kazi nzito. Na tena, saa yenyewe ni kitu gani? Hapa Nachingwea redio ikitangaza saa sita kamili, jua halijafika utosini. Saa ya Tanzania inafuata mstari wa nyuzi 45 za mashariki, nasi tuko karibu na nyuzi 39, hivyo kwa wastani jua letu hupita utosini saa sita na dakika 25 hivi. Kila mwenye saa mkononi anatembea na mapatano ya watu, wala si jua lenyewe. Kama mapatano yanaweza kupangwa, kwa nini yasipangwe kwa kuwahurumia wenye njaa?

Nilikuwa nimesimama hapo, sijui niende upande gani, nilipomkumbuka bibi mmoja. Jina lake silitaji, wala kijiji.

Bibi huyo alikuwa mgonjwa wa miguu, hawezi kufika kanisani. Alibatizwa na kufundishwa zamani, enzi za UMCA, wakati waumini walipofundishwa kwamba Mwili wa Bwana hupokelewa kabla ya chakula chochote. Miaka kadhaa iliyopita nilituma salamu kwa jamaa zake: Ijumaa, saa nne asubuhi, nitamletea Ekaristi. Ijumaa ikafika. Nilipokuwa najitayarisha wakaja wazee wawili wenye shauri la kiwanja. Tukazungumza, chai ikaletwa, mihogo ikaletwa, shauri likaisha na mazungumzo hayakuisha. Njiani tairi la pikipiki likatoboka. Nimewahi kulisimulia jambo hili nikalitaja tairi kwanza, lakini kwa kweli tairi lilichukua nusu saa tu. Zilizobaki zilikuwa za chai.

Nilifika saa tisa.

Nilimkuta amekaa juu ya mkeka barazani, amejifunga kanga safi, mbele yake kigoda kimetandikwa kitambaa cheupe na mshumaa ambao haujawashwa. Mikono yake ilikuwa inatetemeka. Mjukuu wake akaniita pembeni, msichana wa miaka kumi na miwili hivi, akaniambia kwamba tangu ugali wa jana usiku Bibi hajatia kitu kinywani, hata maji. Na vidonge vyake hakumeza, kwa kuwa ameambiwa asivimeze bila kula.

Nikamwambia, "Bibi, nisamehe, nimechelewa."

Akanitazama kwa upole kabisa, akasema, "Hujachelewa, baba. Mimi nilijua saa nne yako ndiyo hii."

Nimekemewa na askofu, nimekemewa na wazee wa kanisa, na mara moja nilikemewa na bwana arusi mbele ya watu. Hakuna kemeo lililoniingia kama neno lile, kwa sababu halikuwa kemeo. Bibi yule hakuniona mwongo. Yeye alikuwa ameshahamisha maana ya neno. Kwa watu wale, "saa nne" iliyotoka kinywani mwa Padre ilikuwa imekwisha kuwa saa tisa, kama vile kwa Waingereza saa tisa ilivyokuwa saa sita, na hakuna aliyeona ajabu.

Sasa weka habari hizi mbili pamoja. Saa ya watawa ilihamia mapema kwa kuwa wenye njaa hawakuweza kungoja. Saa yangu ilihamia nyuma kwa kuwa mimi sikuwa na njaa. Nilikuwa nimeshakunywa chai. Katika monasteri, anayeimba Nona na anayeona njaa ni mtu mmoja, na anayevuta kamba ya kengele ndiye anayekula. Kati yangu na Bibi, kamba ya kengele ilikuwa mkononi mwangu na njaa ilikuwa tumboni mwake. Nilimwambia yule kijana kwamba siwezi kuwahukumu watawa, na nikamweleza kwa nini. Kosa lao, kama ni kosa, walilifanya juu ya matumbo yao wenyewe.

Tangu siku hiyo nimekuwa nikiangalia saa zinavyohama katika nchi yetu, na nimeona kwamba karibu siku zote zinahama upande mmoja. Mkutano umeitwa saa tatu. Wakulima wanafika saa tatu, maana wameacha mashamba. Mgeni rasmi anafika saa sita. Watoto wa shule wamesimama juani tangu saa mbili na nusu, wamevaa sare, wanarudia wimbo wa kumkaribisha, na mmoja au wawili wanaanguka wanabebwa kivulini. Mgeni anashuka katika gari lenye ubaridi, anasema samahani kidogo kwa kuchelewa, watu wanapiga makofi. Hujapata kuona watoto wakifika saa sita na mgeni rasmi amesimama juani tangu saa tatu akirudia wimbo. Aliye juu akichelewa huitwa mwenye shughuli nyingi. Aliye chini akichelewa huitwa mvivu.

Watu husema, "Ndizo saa zetu za Kiafrika." Naomba tuache kusema hivyo, kwa maana ni kujisingizia. Saa zetu ni zile za Injili, zinaanza na jua, na baba zetu walizishika kwa ukali kuliko sisi. Ulizeni mkulima yeyote wa Nachingwea kama anaweza kupanda majuma matatu baada ya mvua za kwanza akaziambia mvua kwamba ndizo saa zake za Kiafrika. Mtu huyo huyo anayeiwahi mvua anaweza kuchelewa mazishi, kwa sababu mvua haimngojei na wafiwa watamngojea. Tunachelewa kwa yule ambaye hawezi kutufanya kitu.

Torati iliona jambo hili mapema sana. Katika Mambo ya Walawi sura ya 19 na Kumbukumbu la Torati sura ya 24 imekatazwa kulala na ujira wa kibarua mpaka asubuhi. Alipwe siku ile ile, kabla jua halijachwa, kwa maana yeye ni maskini na moyo wake unautazamia ujira huo. Tazameni sheria ilivyowekwa. Haikuachwa kwa mwenye mali apange, wala haikusema alipwe "mapema iwezekanavyo". Saa imefungwa kwa jua, mahali ambapo mkono wa tajiri haufiki. Na yule mwenye shamba wa Mathayo 20, kwa mambo yake yote ya kushangaza, jioni ilipofika hakumwambia mtu rudi kesho. Sisi tunaopeleka vibarua kuokota korosho tunajua ni mara ngapi tumesema rudi kesho.

Lakini sitaki kusema kwamba kila kuchelewa ni dhambi, kwa sababu Bwana wetu mwenyewe alichelewa. Alikuwa anakwenda nyumbani kwa Yairo, binti yake yu karibu kufa, na njiani akasimama kwa ajili ya mwanamke aliyetokwa na damu miaka kumi na miwili. Yairo alikuwa mkuu wa sinagogi, baba mwenye hofu, kila dakika ilikuwa kisu kwake. Na binti akafa wakati ule ule wa kungoja. Nimehubiri juu ya habari hii mara nyingi, na siku zote nilikimbilia mwisho wake mzuri, binti anainuka, anapewa chakula. Siku hizi nakaa zaidi pale katikati, pamoja na Yairo. Sipati faraja rahisi pale. Ninachokiona ni kwamba Bwana alisimama kwa ajili ya mtu ambaye hakuna kengele iliyolia kwa ajili yake, mwanamke asiyeruhusiwa hata kugusa watu, na aliyengojeshwa ni mkuu wa sinagogi. Mimi nilisimama kwa ajili ya wazee wawili wenye kiwanja, na nikamngojesha mjane. Siwezi kujificha nyuma ya Marko sura ya 5.

Na ikitokea Padre wenu amechelewa kwa sababu amemkuta mfiwa njiani, mvumilieni. Ila muulizeni.

Baada ya siku ile nilifanya mambo mawili. La kwanza, nilimwambia Bibi kwamba Kanisa halimfungi mgonjwa, kwamba ale uji wake na kumeza vidonge vyake, kisha apokee. Akanisikiliza kwa adabu na akakataa. "Nitakula nikishampokea Bwana," akasema. Basi nikaelewa kwamba yeye hawezi kusogea, na kama kuna mtu wa kusogea ni mimi.

La pili, mwezi uliofuata nilimwahidi tena saa nne, nikaondoka nyumbani mapema kama mtu anayewahi basi la Lindi. Nilifika saa tatu na nusu. Barazani hakuna mtu, mkeka haujatandikwa. Mjukuu akatoka jikoni amekunja uso, akaniambia Bibi anaoga nyuma ya nyumba, nikae. Nikakaa juu ya kigoda, chombo cha Ekaristi mapajani, kuku wakipita miguuni. Niliwasikia wakihangaika na maji, kisha na kanga, kisha na kutafuta kitambaa cheupe. Hatimaye Bibi akaja amemshika mjukuu begani, polepole, akaketi, akapumua, akanitazama.

"Baba," akasema, "tulipatana saa nne. Hii nayo si saa nne."

Nikasubiri mpaka ikafika.